Kivuli Kwenye Figo: Picha Inasema Nini Kabla ya Kisu



Mwaka 1861, katika mji wa Milwaukee nchini Marekani, daktari wa upasuaji Erastus Wolcott alimpasua mgonjwa aliyekuwa na uvimbe mkubwa tumboni. Aliamini anaufuata uvimbe wa ini. Alichokitoa kilikuwa figo. Mgonjwa aliishi siku 15 tu baada ya hapo. Historia ya upasuaji inautaja kama upasuaji wa kwanza unaojulikana wa kutoa figo, nao ulianza kwa kukosea kiungo. Wolcott hakuwa mzembe. Eksirei ilikuwa bado miaka 34 kugunduliwa, na alichokuwa nacho ni vidole vyake na uzoefu wake.

Siku hizi ni nadra daktari mwenye picha mkononi kuchanganya figo na ini. Kosa limehamia kwingine. Tunajua uvimbe upo, tunajua uko kwenye figo ipi, tunajua ukubwa wake kwa milimita. Tunaukata na kuupeleka maabara, kisha mtaalamu wa patholojia anarudisha jibu: haukuwa saratani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba mwaka 2009 pekee, nchini Marekani, uvimbe 5,624 wa namna hiyo uliondolewa kwa upasuaji baada ya kudhaniwa kuwa saratani. Mwaka 2000 makadirio yalikuwa 3,098. Katika miaka hiyo tisa mashine zilizidi kuwa bora. Kwa nini basi makosa yaliongezeka badala ya kupungua?

Jibu langu ni kwamba picha huulizwa maswali matatu, nasi tumezoea kuyachukulia kama moja. Je, uvimbe upo? Umefika wapi? Ni uvimbe wa aina gani? La kwanza picha hulijibu vizuri sana. La pili hulijibu vizuri kiasi. La tatu hulijibu kwa mashaka zaidi kuliko lugha ya ripoti zetu inavyoonyesha. Na uamuzi wa kupasua au kutopasua hutegemea zaidi hilo la tatu.

Swali la kwanza: upo?

Vitabu vya zamani vilifundisha dalili tatu za saratani ya figo: damu kwenye mkojo, maumivu ya ubavuni, na uvimbe unaoshikika kwa mkono. Mgonjwa anayekuja na zote tatu ni chini ya mmoja kati ya kumi, na mara nyingi ameshachelewa. Katika nchi zenye mashine nyingi, zaidi ya nusu ya saratani za figo sasa hugundulika kwa bahati, mtu akiwa amepimwa kwa sababu ya nyongo, mgongo au ajali ya barabarani.

Kwetu kuna jambo jingine. Katika visiwa vya Zanzibar, mwambao na kanda ya Ziwa, damu kwenye mkojo husomwa haraka kuwa ni kichocho, na kwa vijana wengi ndivyo ilivyo. Lakini mtu wa miaka 55 aliyekunywa dawa ya kichocho na bado anakojoa damu hapaswi kuongezewa dawa ileile. Apelekwe ultrasaundi. Mficha maradhi kilio humuumbua, na damu ya mkojo ni moja ya maradhi ambayo wanaume wetu huyaficha kwa sababu mara nyingi hayaumi.

Ultrasaundi ni mlango mzuri wa kuanzia. Haina mionzi, ni nafuu, na inatofautisha vizuri kifuko cha maji na uvimbe wa nyama. Udhaifu wake ni wa aina mbili: inategemea sana mkono wa anayepima, na uvimbe wa nyama ulio chini ya sentimita 3 unaweza kuipita, hasa kama mwangwi wake unafanana na wa figo yenyewe. Kwa hiyo ultrasaundi ikiona uvimbe wa nyama, hatua inayofuata ni CT.

Mashine ya CT ilimpima mgonjwa wa kwanza tarehe 1 Oktoba 1971 katika Hospitali ya Atkinson Morley, London. Aliyeibuni ni mhandisi Mwingereza, Godfrey Hounsfield. Hesabu za kazi hiyo zilikuwa zimeshughulikiwa mapema, mbali naye, na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye alianza kuliwazia tatizo hilo mwaka 1956 alipokuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979.

Ninawataja kwa sababu moja: walichotuachia ni zaidi ya picha. Kila nukta ya CT ni namba. Katika vipimo vya Hounsfield, maji ni sifuri, hewa ni −1000, mafuta ya mwilini hukaa karibu na −100, na nyama ya figo kabla ya dawa ni karibu 30. Mgonjwa hupigwa picha, kisha hudungwa dawa ya kontrasti yenye madini ya joto, yaani ayodini, kisha hupigwa tena. Namba ya uvimbe ikipanda kwa zaidi ya 20, damu inapita ndani yake, kwa hiyo ni nyama. Isipopanda hata 10, haielekei kuwa na damu. Ikipanda kati ya 10 na 20, hatuna hakika, na hapo ndipo aina moja ya saratani, ile ya papilari, hupenda kujificha, kwa sababu hupokea damu kidogo.

Hesabu hiyo ni ya kutoa, na bila picha ya kabla ya dawa hatuna pa kutolea. Wakati wa kupiga nao una maana. Kama sekunde 30 baada ya sindano, sehemu ya nje ya figo inang'aa na ya ndani bado ni nyeusi, na uvimbe mdogo unaweza kumezwa na weusi huo. Ikifika kama sekunde 100, figo nzima imeng'aa sawasawa na uvimbe hujitokeza. Picha iliyopigwa mara moja tu, tena mapema, si kipimo kamili cha uvimbe wa figo, hata kama mashine ni mpya kabisa. Ikipigwa kwa awamu zake zote, CT ni nadra kuukosa uvimbe uliozidi sentimita moja au mbili.

Swali la pili: umefika wapi?

Daktari wa upasuaji anataka ramani. Uvimbe wa sentimita 4 au pungufu, ulio ndani ya figo, mara nyingi unaweza kukatwa peke yake na figo ikabaki. Uliozidi sentimita 7, au ulioingia kwenye mishipa, ni kazi nyingine.

Saratani ya figo ina tabia ya kuota ndani ya mshipa unaotoa damu kwenye figo, ikapanda hadi kwenye vena kava, mshipa mkubwa wa kurudisha damu moyoni, na wakati mwingine hadi ndani ya moyo wenyewe. Hapa picha hufanya kazi nzuri. CT huonyesha donge hilo, na MRI huonyesha vizuri ncha yake ilipoishia. Tofauti ya donge lililoishia chini ya ini na lililofika moyoni ni tofauti ya chumba cha upasuaji, cha timu na cha akiba ya damu. Daktari hapaswi kuligundua jambo hilo tumbo likiwa wazi.

Lakini ramani hiyo ina sehemu zenye ukungu. Ya kwanza ni mafuta yanayoizunguka figo. Michirizi ndani ya mafuta hayo inaweza kuwa saratani iliyovuka, au maji tu, au kovu la uambukizo wa zamani, na CT haiwezi kuitofautisha kwa uhakika. Ya pili ni tezi za limfu. Mwaka 1990 madaktari wa Bern, Uswisi, walichapisha utafiti wa wagonjwa 163 wa saratani ya figo. Katika 43 kati yao, CT ilionyesha tezi zilizovimba. Zilipochunguzwa kwa hadubini, 18 ndio waliokuwa na saratani kwenye tezi. Waliobaki, 25, tezi zao zilikuwa zimevimba tu kwa kupambana na uvimbe wa jirani. Mgonjwa anayeambiwa "imeshasambaa kwenye tezi" kwa sababu ya picha peke yake anaweza kunyimwa upasuaji ambao ungemponya.

Swali la tatu: ni uvimbe wa aina gani?

Tuanze na vifuko vya maji. Watu wengi waliovuka miaka 50 wanavyo, na vingi havina madhara kabisa. Mwaka 1986 Morton Bosniak, mtaalamu wa radiolojia wa New York, alivipanga katika madaraja. Daraja la I na la II ni salama. Daraja la IV, lenye nyama inayopokea damu ndani ya kifuko, ni saratani katika takriban wagonjwa tisa kati ya kumi. Katikati liko daraja la III, lenye kuta nene zinazopokea damu. Hilo ni saratani kwa takriban nusu ya wagonjwa. Bosniak baadaye aliongeza daraja la IIF, la vifuko vya kufuatiliwa kwa picha bila kukatwa, na mfumo mzima ulifanyiwa marekebisho mwaka 2019. Uzuri wa mpango huo ni uaminifu wake: unampa msomaji kiwango cha hatari badala ya kujifanya una jibu la ndiyo au hapana.

Uvimbe wa nyama ndio mgumu zaidi. Kuna mmoja ambao CT huutambua kwa namba: anjiomayolipoma, uvimbe usio saratani wenye mishipa, misuli na mafuta. Namba ikishuka waziwazi chini ya sifuri ndani ya uvimbe wa figo, hayo ni mafuta, na karibu kila mara habari ni njema. Shida ni ule wa nadra wenye mafuta kidogo mno yasiyoonekana, ambao hufanana na saratani kabisa. Shida kubwa zaidi ni onkositoma. Huo nao si saratani, lakini hupokea damu kama saratani. Vitabu husema una kovu katikati. Ni kweli, mara nyingine unalo, ila saratani iliyooza katikati huonekana hivyohivyo.

Mnunuzi wa nazi sokoni huitikisa na kusikiliza maji yake, na kwa kawaida hakosei. Lakini hakika huipata akiivunja. Nasi tunaitikisa figo kwa mionzi na kusikiliza. Tofauti ni kwamba figo ikishavunjwa haina muuzaji wa kuirudishia.

Tunakosea mara ngapi? Kliniki ya Mayo nchini Marekani ilipitia wagonjwa 2,770 waliofanyiwa upasuaji wa uvimbe wa nyama wa figo kati ya 1970 na 2000. Kwa ujumla, karibu asilimia 13 ya uvimbe huo haukuwa saratani. Ila wastani huo unaficha jambo. Kwa uvimbe wa chini ya sentimita 1, usio saratani ulikuwa asilimia 46. Kwa ule wa kati ya sentimita 3 na 4, karibu asilimia 20. Kwa wa sentimita 7 na zaidi, asilimia 6.

Hapa ndipo fumbo la mwanzo linapofunguka. Mashine bora ziliona uvimbe mdogo ambao zamani usingeonekana. Uvimbe mdogo ndio wenye uwezekano mkubwa wa kutokuwa saratani. Nasi tuliendelea kuukata kana kwamba ni ule mkubwa wa vitabu vya zamani. Jicho lilizidi kuwa kali, kanuni ya kuamua ikabaki ileile.

Je, kuna namna ya kulijibu swali la tatu vizuri zaidi? Zipo mbili. Ya kwanza ni kuchukua kinyama kwa sindano. Kwa miaka mingi madaktari waliogopa kwamba sindano itamwaga mbegu za saratani njiani. Jambo hilo limethibitika kuwa nadra sana. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, uliokusanya tafiti 57 na wagonjwa 5,228, ulikuta kwamba sindano ilitoa jibu kwa takriban asilimia 92 ya wagonjwa, na jibu likipatikana, ni mara chache sana kukosea kati ya saratani na isiyo saratani. Wanane katika mia hawapati jibu na hulazimika kurudia, na onkositoma bado huwasumbua hata wataalamu wa patholojia.

Njia ya pili ni picha za nyuklia. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2024, uliohusisha wagonjwa 300 katika nchi tisa wenye uvimbe usiozidi sentimita 7, ulitumia kingamwili iliyofungwa na madini ya zirkoniamu, inayonata kwenye saratani ya figo ya aina inayoongoza kwa wingi. Kati ya waliokuwa na aina hiyo, picha iliwabaini asilimia 86. Kati ya wasiokuwa nayo, iliwaondolea shaka asilimia 87. Namba hizo zinapendeza, lakini tuzifanyie hesabu. Tuseme wako wagonjwa 100, na 60 kati yao wana saratani hiyo. Picha itawaona 52 na kuwakosa 8. Katika 40 waliobaki, itawatia hatiani watu kama 5 wasio nayo. Kwa hiyo ukiambiwa "unayo", karibu mara tisa katika kumi ni kweli. Ukiambiwa "huna", wako wanane kati ya 43 walioambiwa hivyo ambao wanayo, karibu mmoja kati ya watano. Kipimo hichohicho ni shahidi mzuri wa kuthibitisha na shahidi wa wasiwasi wa kukanusha. Na hata anayeambiwa "huna" kwa haki, anaweza kuwa na saratani ya aina nyingine ambayo kingamwili hiyo haikutengenezwa kuitafuta.

Hali ya kwetu

Takwimu hizi za Marekani na Ulaya haziwezi kuvaliwa na Afrika Mashariki bila kupunguzwa hapa na kuongezwa pale. Wagonjwa wengi wa kwetu hufika na uvimbe mkubwa. Kwao swali la tatu halina utata mwingi. Swali la pili ndilo la kukesha nalo: mshipa, mapafu, ini.

Lakini tunao wadanganyifu wetu. Uambukizo wa muda mrefu uliojengeka juu ya mawe ya figo unaweza kuigeuza figo nzima kuwa donge linalofanana na saratani. Kifua kikuu huingia kwenye figo na kuacha majeraha na madoa ya chokaa. Kati ya Waturkana wa kaskazini mwa Kenya, ambako ugonjwa wa vifuko vya minyoo ya mbwa umekuwa miongoni mwa ulioenea zaidi duniani, kifuko chenye vyumba vingi ndani ya figo, ingawa ni nadra, lazima kifikiriwe kabla ya sindano au kisu, kwa sababu kikipasuka kinaweza kumletea mgonjwa mzio wa hatari. Kwa hiyo msomaji wa picha asiyejua mgonjwa anaishi wapi na anafuga nini, anasoma nusu ya ripoti.

Watoto nao wana hesabu yao. Mtoto wa miaka mitatu mwenye tumbo lililovimba upande mmoja, saratani inayofikiriwa kwanza ni uvimbe wa Wilms. Katika utaratibu unaofuatwa Ulaya na katika nchi nyingi za Afrika, mtoto huyo huanzishiwa dawa za saratani kabla ya upasuaji, kwa kutegemea umri na picha, bila kinyama. Hapo picha inabeba mzigo mzito. Lazima imtofautishe na mtoto mwenye uvimbe wa mishipa ya fahamu ulioanzia juu ya figo, na hasa hapa kwetu, mwenye limfoma ya Burkitt, ile ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda, na ambayo huweza kuzijaza figo zote mbili kwa pamoja. Dawa zake ni tofauti, na haraka yake ni tofauti.

Tufanye nini?

Kwa wenzangu wa radiolojia: tuache kuandika "saratani ya figo" pale ambapo tunachokijua ni "uvimbe wa nyama wa figo wa sentimita 2.5 unaopokea damu". Tuandike namba kabla na baada ya dawa. Tuseme kama mafuta yametafutwa na hayakuonekana. Tuandike hali ya mshipa hata pale ulipo salama. Mgonjwa asiye na picha ya kabla ya kontrasti arudishwe akapigwe upya, baada ya kupimwa kreatinini.

Kwa madaktari wa upasuaji: kinyama kina maana pale kinapobadilisha uamuzi. Uvimbe wa sentimita 12 unaotoa damu, kwa mgonjwa mwenye nguvu, hauhitaji kusubiri sindano. Uvimbe wa sentimita 2 kwa mzee wa miaka 78 mwenye kisukari, aliyebakiwa na figo moja inayofanya kazi, unaihitaji, au unahitaji kufuatiliwa tu. Uvimbe mdogo wa namna hii kwa wastani hukua takriban milimita 3 kwa mwaka. Kusubiri kwa mpangilio na picha za kila baada ya miezi kadhaa ni matibabu.

Na kwenu, ndugu wananchi. Ukiambiwa una uvimbe kwenye figo, usikimbilie kisu na usikimbilie mitishamba. Muulize daktari wako: Uvimbe ni wa maji au wa nyama, na una ukubwa gani? Picha ilipigwa kabla na baada ya dawa? Kuna mafuta ndani yake? Mshipa uko salama? Kuna uwezekano gani kwamba si saratani, na je, kinyama kingebadilisha mpango wako? Ukikatwa, figo itabaki au itaondoka yote? Tunza sahani zako za picha kama unavyotunza hati ya shamba, maana picha ya mwaka jana ikiwekwa kando ya ya mwaka huu husema jambo ambalo hakuna mashine iwezayo kulisema kwa siku moja.

Daktari anayeyajibu maswali hayo kwa utulivu, na kusema "hapa sina hakika" pale asipo na hakika, ndiye wa kumkabidhi figo yako.